Pakiti za Rajabu, Michembe ya Monika

Mjukuu wangu Rajabu alianza kupona mikononi mwa mwanamke mwingine, na mimi niliyekuwa nikimwombea kila baada ya swala sikufurahi. Nayaandika haya kwa ajili ya bibi au mama ambaye leo amekaa kwenye benchi la kliniki na mtoto anayefunga mdomo. Mambo ya dawa wauguzi watakueleza. Mimi nitakueleza mengine, na wivu ukiwamo, maana hakuna aliyeniambia kwamba nao huja.

Ninaishi Mtendeni, hapa Tabora mjini, katika nyumba aliyoiacha marehemu mume wangu, aliyekuwa fundi cherehani. Jioni nafundisha watoto wa mtaa Kurani kibarazani, kazi niliyorithi kwa baba yangu. Mwanangu Hemedi ni dereva wa lori na muda mwingi yuko njia ya Mpanda. Mkewe, Salma, anakaa nami pamoja na mtoto wao Rajabu, ambaye tangu aachishwe ziwa alilala kitandani kwangu. Nilimwita mume wangu, kama sisi mabibi tunavyowatania wajukuu wa kiume, naye aliitika, "Naam, mke wangu," kwa sauti nzito ya kujitia utu uzima. Alikuwa na miaka minne.

Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha akashikwa na kichomi. Tulilazwa. Kichomi kilipopungua likaja tumbo la kuhara, na lilipokwisha mtoto mwenyewe alikuwa kama ametoka akaacha ngozi. Makalio yalikunjamana kama ya mzee. Nywele zikawa laini na nyekundu mithili ya ndevu za hindi. Meno yalionekana makubwa kwa sababu uso ulikuwa umekwisha. Kwa kuwa hakutaka kula, walimpitishia mpira puani wakawa wanammiminia maziwa, na kila nesi alipokaribia na bomba, Rajabu alinitazama mimi, si nesi, kama kwamba ni mimi niliyemuuza.

Kitanda cha jirani alikuwapo mama kutoka Kigwa na binti yake mdogo. Tulizoea kuazimana kikombe na beseni. Alfajiri moja niliporudi kutoka kutawadha nilimkuta anakunja kanga za mtoto, moja moja, taratibu, na kitanda kitupu. Nilimwambia yale tunayoambiana sote. Tangu hapo, kila nilipomwona Rajabu amelala kimya nilimwekea mkono tumboni nione kama linapanda na kushuka.

Tuliporuhusiwa tulipewa chakula dawa. Ni pakiti ndogo zenye uji mzito wa karanga na maziwa, mtoto anaufinya na kuunyonya. Nesi wa kliniki, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alinieleza mara mbili.

"Bibi, hiki ni chakula, lakini kihesabu kama dawa. Cha Rajabu peke yake. Usimgawie mtu. Ale hiki kwanza, ndipo ale vingine, na maji safi yawe karibu."

"Na asipotaka?"

"Atataka. Kitamu." Kisha akampima mkono kwa ule utepe wa rangi tatu. Ulisimama kwenye nyekundu. "Tunataka atoke hapa aende njano, kisha kijani. Asipopanda tutamrudisha wodini, kwenye mpira."

Rajabu alilisikia neno mpira akajificha ndani ya buibui langu.

Nyumbani hakutaka. Nilimbembeleza, nikamwimbia, nikamsomea. Nilimkalisha mkekani, nikakaa mbele yake na pakiti mkononi kama kadhi, nikimkazia macho. Alifunga mdomo. Siku nyingine nilimbana kati ya magoti na kumfinyia mdomoni, kama nilivyoona wakifanya wodini, naye akanitapikia kanga. Ikafika mahali akisikia tu sauti ya pakiti anakimbilia uani. Mara nyingine alizitoa pakiti akawapa wanafunzi wangu, nikiwafundisha alifu be te nawaona wanalamba vidole.

Kwenye benchi la kliniki niliwatazama watoto wa wenzangu. Kulikuwa na kitoto cha binti mmoja wa Ipuli kilichokuwa kinanyonya pakiti yake mpaka kinaitafuna karatasi. Binti yule alikuwa anachezea simu, wala hakukitazama. Nilimwonea wivu. Mimi ndiye ninayewafundisha watoto kwamba husuda ni kutamani neema imtoke mwenzako, na kwamba kutamani upewe nawe kama yeye si dhambi. Siku ile nilijiuliza langu ni lipi kati ya hayo mawili, na sikupenda jibu.

Hapo ndipo Salma alipojifungua mtoto wa pili, kwa kupasuliwa, na mama yake akaja kutoka Puge kumkanda.

Bibi Monika ni mkulima, Mkatoliki, mkubwa wa mwili na wa kicheko. Binti yake alisilimu alipoolewa na mwanangu, na jambo lile sisi wawili tulikuwa tumelinyamazia, kila mmoja kwa upande wake. Alishuka kwenye basi na kuku mmoja, mfuko wa michembe na jembe alilotaka litiwe makali mjini. Michembe, kwa asiyeijua, ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, na kwa watu wa Puge ni chai, ni chakula, ni pipi.

"Shikamoo, bibi," Rajabu akamwambia, amesimama kwenye fremu ya mlango, miguu kama vijiti.

"Marahaba. Mayo! Huyu ndiye mume niliyeletewa? Mbona mwembamba hivi? Huyo mke wako wa mjini hakupikii?"

Rajabu alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu mvua zianze.

Kesho yake mchana nilitoka msalani nikasikia maneno uani, nikasimama nyuma ya pazia. Monika alikuwa amekaa mkekani, amenyoosha miguu, anatafuna michembe. Rajabu alikuwa kando yake na pakiti.

"Wewe mwanamume, usinitolee macho. Kula cha kwako."

"Nipe kimoja."

"Yaya, hapana! Sikupi. Maliza hicho kwanza. Mume gani anayenyang'anya wanawake chakula?"

Akanyonya. Monika akauma kipande, akatafuna polepole huku anatazama kuku, wala hamtazami mtoto. Rajabu akanyonya tena. Monika akauma tena. Wakaenda hivyo, mmoja akiuma mmoja akinyonya, mpaka pakiti ikawa bapa.

Walipoondoka nilikwenda nikaiokota ile pakiti tupu nikainusa. Nilidhani ametia asali. Hakuwa ametia kitu.

Ingekuwa rahisi kuandika kwamba nilisujudu nikashukuru. Nilishukuru kwa ulimi. Lakini jioni ile nilizichukua pakiti zote nikazifungia kwenye sanduku langu la nguo, nikawa namtolea Monika moja moja.

"Mkwe," akaniambia, mkono umenyooka mlangoni kwangu, "unanigawia kama sukari ya msibani."

"Nesi amesema zitunzwe."

"Haya. Babu zangu walibeba mizigo ya babu zako kutoka hapa mpaka pwani, hawakuiba hata shanga. Na mimi nitakubebea hii mpaka uani."

Alisema kwa utani na nilicheka. Lakini ufunguo wa sanduku sikumpa.

Kadiri Rajabu alivyokula ndivyo alivyonihama. Kwanza alihamisha mkeka wa mchana. Kisha usiku akawa analala chumba cha wageni, kwa Monika. Asubuhi moja nilimsikia akimwita Monika, "Mke wangu, njoo tule," na mimi nilipopita akaniambia, "Shikamoo, bibi," kwa adabu nzuri kabisa, ile niliyomfundisha mwenyewe.

Wala wivu katika nyumba ile haukuwa wangu peke yangu. Rajabu hakutaka kuingia chumbani kwa mama yake. Salma alipojaribu kumlisha, mtoto aliangalia kichanga kinavyonyonya, akaiweka pakiti chini, akatoka. Salma alilia, mshono ukimuuma. "Mama, mwanangu ananikataa," aliniambia. Nilimfuta machozi na kumwambia ni utoto, utapita. Maneno mazuri ya kumpa mtu mwingine.

Utepe ulisogea. Siku ile kliniki mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, mlinzi akatuachia kiti chake tusikae penye maji. Nesi alimpima mkono, akapima tena, akasema, "Njano, Bibi. Anamlisha nani?"

"Sisi nyumbani," nikasema.

Mwezi wa Ramadhani ukaandama. Siku zile Monika alipata simu kutoka Puge kwamba magugu yamemeza karanga zake na mumewe mgongo haumruhusu kuinama. Salma alikuwa ameshapata nguvu ya kusimama. Monika akafunga mzigo wake, kisha akaja chumbani kwangu, akabaki mlangoni.

"Mkwe, nipe Rajabu niende naye. Zahanati iko karibu na kwetu, pakiti watanipa. Mwezi huu ninyi mnafunga, mtoto huyu hali peke yake. Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Na mimi nitakaa naye."

"Utakaa naye unakula?"

"Nitajua la kufanya."

Alinitazama. "Hutaki kwa ajili ya mtoto, au hutaki kwa ajili yangu?"

"Huyu ni wa nyumba hii, Monika."

Aliniachia mfuko wa michembe uliobaki, akambusu mtoto, akaondoka na jembe lake begani. Rajabu alilia mpaka usingizi ukamchukua getini.

Sasa nilijua siri, nayo ilikuwa nje ya mkono wangu. Nilikuwa nimefunga. Sikuwa nimewahi kuacha funga kwa hiari tangu nivunje ungo, hata mwaka niliofiwa na mume. Jua likizama ningeweza kula naye, na nilijaribu, lakini Rajabu saa ile alikuwa amechoka, akinyonya pakiti moja anasinzia, nyingine zote za mchana zimelala.

Nikafanya lile ambalo kila mpishi wa mwezi mtukufu analijua. Ukipika futari unaweza kuonja chumvi kwa ncha ya ulimi, mradi usimeze, uteme. Nikakaa mkekani kama Monika, nikanyoosha miguu, nikachukua mchembe nikaulamba, nikasema, "Mmm!" Kisha nikageuza uso nikatema kwenye leso.

Rajabu alinitazama kwa makini. Akanyonya pakiti yake, akasema, "Mmm!" Akageuka upande wa pili, akatema.

"Mume wangu, wewe meza."

"Wewe umetema."

"Mimi nimefunga."

"Na mimi nimefunga," akasema, kwa fahari, na akatema tena. Kumbe wanafunzi wangu walikuwa wakishindana kibarazani nani amefunga mpaka adhuhuri, na mimi niliwasifu mbele yake. Tangu siku ile akajua namna ya kula chakula dawa: unaonja, unasema mmm, unatema. Leso zangu zilijaa karanga.

Kliniki iliyofuata nesi alivuta utepe. Nyekundu. "Bibi, kumetokea nini? Mlikuwa mnakwenda vizuri." Akaandika kwenye kadi. "Akija tena hivi, wodini." Nilimbeba mgongoni kurudi nyumbani, na mgongo wangu haukusikia uzito wake. Njia nzima nilikuwa namwona mama wa Kigwa akikunja kanga.

Niliposwali alasiri nilikwenda kwa Maalim Seif, imamu wa msikiti wetu. Ni kijana, alisomea alifu kwangu. Nilimweleza yote, ila sikumtaja Monika.

Alinisikiliza, akakuna ndevu. "Mwalimu, hili unaniuliza au unanitahini?"

"Nakuuliza."

"Anayekaribia kuzama akihitaji mtu afungue ndipo amwokoe, mtu yule anafungua, kisha analipa. Wewe ndiye uliyenifundisha. Nilikosea ukanirudisha nyuma ya darasa."

"Mtoto hazami."

"Utepe unasemaje?"

Nilirudi polepole. Hukumu niliijua kabla sijatoka nyumbani. Kilichonichelewesha ni kingine. Simu ilikuwa mfukoni, na namba ya Monika ilikuwamo. Ningempigia, angekuja kwa basi la asubuhi au ningempeleka mtoto Puge, na funga yangu ingebaki salama. Nimeliuliza jambo hili katika sijda nyingi, nami namwandikia msomaji jinsi lilivyokuwa: sehemu ya moyo wangu ilikuwa radhi kula mchana wa Ramadhani kuliko kumpigia Monika simu. Nia yangu ilikuwa na vitu viwili ndani yake. Namwachia Mwenye kuhukumu avitenganishe.

Kesho yake, jua likiwa limepanda, nilitandika mkeka uani, nikamwita Rajabu, nikampa pakiti yake. Nikachukua mchembe. Nikasema Bismillahi, nikauma, nikatafuna, nikameza. Machozi yalinitoka na michembe ni mikavu, nikapaliwa.

"Umemeza?" Rajabu akauliza.

"Nimemeza."

"Fungua mdomo."

Nikafungua. Akachungulia mpaka kooni, kama nesi. Akaona kweli. Akanyonya pakiti, akameza, akafungua mdomo wake nami nichungulie.

Bi Kidawa wa nyumba ya pili alikuwa anaanika nguo. Ukuta wetu ni mfupi. "Hoo! Mwalimu naye amekuwa kobe!" akapaza sauti, maana kobe ndiyo jina la wanaokula kwa kujificha mwezi ule. "Sasa nani atatusomea tarawehe za wanawake?"

"Nitawasomea mimi," nikamjibu. "Njoo mapema upate nafasi."

Lilienea mtaani kabla ya adhuhuri. Wapo waliowatoa watoto wao kibarazani kwangu siku kadhaa. Salma, aliyekuwa bado hajarudi kwenye funga kwa sababu ya uzazi, alitoka chumbani polepole, ameshika tumbo, akakaa mkekani nasi na bakuli la uji. Kichanga alikiacha kitandani kimelala. Rajabu alimtazama mama yake anavyokunywa, akasogea akamwegemea goti.

Ndivyo tulivyoimaliza Ramadhani ile, mchana tunakula, usiku naswalisha wanawake. Mikono yangu ilizoea. Niliona mwili wa mtoto unarudi vipande vipande: kwanza mashavu, halafu makalio, halafu ukorofi. Siku aliyompiga kuku wa jirani kwa jiwe na Bi Kidawa akaja juu, niliomba radhi kwa mdomo, moyoni nikasema alhamdulillahi. Sikukuu ya Idi kanzu ilikuwa bado inampwaya. Mvua zilipokatika na watu wakaanza kuvuna, utepe ulisimama kwenye kijani, na nesi akampigia makofi benchi zima likageuka.

Monika sikumwambia. Alipiga simu mara nyingi kuuliza, nami nilimjibu, "Anakula, mkwe," bila kusema kwa njia gani. Nilitaka aamini kwamba mjukuu amenirudia hivihivi tu, kwa mapenzi.

Kipupwe kilipoingia nilianza kuzilipa siku zangu. Kufunga peke yako, nyumba yote inakula, ni kazi nyingine. Katikati ya siku hizo Monika akaja na gunia la karanga mpya. Rajabu alinipita mlangoni kama upepo akamrukia, na nilihisi kitu kilekile kikinibana palepale. Hakikuwa kimepona. Wewe unayenisoma, usikingoje kipone ndipo umlishe mtoto.

Monika alipika wali na kisamvu cha karanga, akatandika mkeka uani, akamweka Rajabu mapajani.

"Mke mwenzangu, njoo," akaniita. "Au umenuna nimekuja?"

"Kuleni tu."

"Bibi amefunga," Rajabu akasema, mdomo umejaa.

"Amefunga nini? Si Ramadhani sasa."

"Analipa. Zile alizokula na mimi. Alikula michembe yako, akameza, nikaona kabisa."

Monika aliacha kutafuna. Alinitazama mimi, akamtazama Salma, ambaye aliinamisha uso akatikisa kichwa kukubali. 

"Ungenipigia simu, Zainabu," Monika akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo.

"Najua."

Akaisogeza sahani yake mbali, akaifunika kawa. "Basi nami nitangoja magharibi," akasema.

Rajabu hakumngoja mtu. Aliufuta wali wote, akalamba kisamvu kilichobaki kwenye vidole, sisi wawili tukimtazama na midomo mikavu. Mgongo wake alikuwa ameuegemeza kifuani kwa Monika. Nilitazama mpaka akamaliza.